Bi Arafa Alivyokuja Kuonja Biskuti

Usiku ule nililala nimechoshwa na watu wote walio hai, wala sikudhani kwamba waliokufa nao walikuwa wakingoja zamu yao ya kunichosha. Ramadhani ilikuwa imebakisha siku mbili. Nilikuwa nimesali tarawehe nyumbani kwa kukaa kitini, maana magoti yangu hayawezi tena kusimama muda mrefu. Nikamshukuru Mungu aliyenijaalia kuufikia mwisho wa mwezi, kisha nikapanda kitandani na hasira yangu, nikageukia ukuta.

Hasira ilianzia jikoni. Mimi ni mwalimu wa chuo hapa Ng'ambo, Unguja. Kwa miaka mingi nimesomesha watoto Kurani asubuhi, na jioni nimesomesha wanawake masala ya tohara, sala na saumu. Lakini Ramadhani inapokaribia kwisha huweka vitabu kando, nikajifunga kanga kiunoni, nikaoka biskuti za tangawizi za sikukuu. Biskuti hizi alizianza mavyaa wangu, Bi Arafa, mama wa marehemu mume wangu. Alinifundisha nilipoletwa kwake bi harusi, nami nikamfundisha mkamwana wangu Latifa, mke wa mwanangu Hemedi, msichana wa Wete. Ni unga, siagi, sukari, mayai, mdalasini, iliki, chumvi kidogo, na tangawizi kavu tunayoitwanga wenyewe. Katika kila trei, biskuti moja ya pembeni hukandamizwa kichwa cha ufunguo, ikabaki na alama ya duara. Zamani trei za mtaa mzima zilipelekwa kwenye tanuri la mkate, na kila nyumba ilikuwa na alama yake ili biskuti zisipotee kwa watu. Siku hizi tuna oveni ya gesi ndani, hazina pa kupotelea, lakini alama hatujaiacha.

Mchana wa siku ile walikuja majirani watatu kutusaidia kukata. Mmoja wao alikuwa Bi Shemsa, ambaye mdomo wake haujui mapumziko. Unga niliukanda mwenyewe huku namsikiliza. Latifa alisimama karibu yangu akiitazama mikono yangu, na hilo likaniudhi. Niseme kweli, nilikuwa nimeshaudhika tangu mwanzo wa mwezi, kwa sababu kila mgeni aliyefuturu kwetu alisifu mkono wa Latifa, na mimi wakaniuliza habari za magoti.

Nikageuka kunawa. Niliporudisha uso, nikamwona amechota unga kwa ncha ya kidole, ameuweka kwenye ulimi, ameinama kwenye karo, ametema, na anasukutua.

Nikamwambia mbele ya wote, "Umeshafungua, Latifa. Mwezi unakwisha huu, wewe unafungua kwa unga mbichi."

Latifa alinitazama, akalitazama bakuli, akawatazama majirani. Kisha akarudi kukata biskuti. Tukazioka zote, zikapoa, zikaingia kwenye mabati ya kuhifadhia.

Kabla ya magharibi Bi Shemsa alikuwa ameshapita nyumba nne. Hemedi aliporudi kazini, dukani walimuuliza kama mkewe anaumwa, maana wamesikia hafungi. Baada ya futari Latifa akamwomba mumewe ruhusa ya kwenda kula sikukuu kwao Pemba, yeye na binti yao mdogo. Alisema hana ugomvi na mtu, anataka tu kumwona mama yake. Begi likawekwa ukumbini kwa ajili ya boti ya asubuhi. Hemedi akanijia chumbani, akakaa chini karibu na miguu yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Mama," akasema, "akiondoka safari hii, sijui kama atarudi."

Nikamjibu kwamba mimi sikusema ila dini. Nikazima taa, nikalala na neno hilo kinywani.

Kwanza ilinijia harufu. Tangawizi, mdalasini, na moshi wa makumbi ya nazi, moshi ambao haujaingia nyumbani mwetu tangu tununue gesi. Nikajikuta nimesimama kwenye ua wa nyumba ya zamani, ile tuliyoibomoa tukajenga hii. Jua lilikuwa la saa tisa mchana. Banda la kuku lilikuwa mahali pake, na kamba ya nguo ilikuwa mahali pake. Bi Arafa alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, ila hakuwa akikuna nazi. Alikuwa amepakata trei ya biskuti mbichi.

Sikuogopa. Nilichoka tu. Niliwaza kwamba amekuja kunikagua, na Bi Arafa aliponikagua alipokuwa hai hakuwa akiacha hata ukingo wa sufuria. Nikainama nikambusu mkono. Mkono ulikuwa wa moto na unanukia iliki. Hakuniuliza hali. Aliiinua trei, akaniwekea mikononi, akanionyesha mlango kwa kidevu chake, kama zamani.

Basi nikaenda tanurini. Trei ilikuwa nzito kuliko biskuti zake, na njia niliyoijua kwa hatua hamsini ikawa haikatiki. Nilipita nyumba ya Bi Shemsa, nikaipita tena, nikaipita mara ya tatu. Nikafika. Mwoka mikate alikuwa amenipa mgongo, anasukuma makaa. Akasema bila kugeuka kwamba trei isiyo na alama haingii ndani. Nikamwambia ina alama, nimeiona. Natazama pembeni, biskuti ni laini, haina kitu.

Nikarudi. Bi Arafa akasonya. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake, akaukandamiza, akanionyesha kidevu. Nikaenda tena. Nikapita kwa Bi Shemsa mara tatu tena. Nafika, alama haipo. Narudi. Anasonya. Nakwenda. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni mtu mzima sasa, nina wanafunzi, watu wananipa salamu njiani wakivua viatu, lakini kwa Bi Arafa maneno hayo hayakuwahi kuwa na bei hata siku moja.

Safari ya tatu mwoka mikate aligeuka, na sikumbuki uso wake. Aliuliza swali moja tu.

"Nani ameuonja unga huu?"

"Tumefunga," nikasema.

"Sikuuliza hilo."

Nami nimesimama pale na trei yangu, mikono inaniuma, natafuta jibu, na joto la tanuri linazidi. Nikafumba macho nisiungue.

Ninapoyafumbua, sipo tanurini. Nipo barazani kwangu, darasani. Wanawake wote niliowasomesha wamekaa kwenye mkeka, walio hai na waliotangulia, na kila mmoja ameshika biskuti mahali pa kitabu. Nikafurahi kidogo, maana hapa angalau nilijua kazi yangu. Nikawauliza: ni mambo gani yanayobatilisha saumu? Wakayahesabu kwa sauti moja, taratibu, kwa mpangilio niliowapa mimi. Walipomaliza, mmoja aliyekaa karibu na mlango akainua mkono. Sikumwona uso, aliuziba kwa ushungi.

"Na mwenye kuonja chakula kwa haja, mwalimu, akakitema asikimeze?"

Masala hiyo naijua kama ninavyolijua jina langu. Nimeisomesha kila mwaka, mwezi wa Shaabani, na kila mwaka kuna mpishi mmoja anayepumua kwa furaha akiisikia. Nikafungua kinywa nijibu, na kinywa kimejaa unga mbichi. Najaribu kuumeza, haushuki. Najaribu kuutema, hautoki. Wanawake wote wananitazama, wana subira, wanangoja. Nimewafundisha kungoja jibu, na sasa nawachukia kwa kungoja.

Nyuma kabisa, kwenye pembe ya mkeka, amekaa Bi Arafa. Hakuwahi kukaa darasani kwangu alipokuwa hai. Alisema yeye kichwa chake kimeshajaa. Leo amekaa, ufunguo uko kidoleni, na anajibu kwa niaba yangu.

"Saumu yake ni sahihi. Ni wewe uliyenisomesha."

Hapo, ndani ya ndoto, nikakumbuka jambo ambalo mchana kutwa sikulikumbuka, au sikutaka. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ile, Ramadhani, nilitoka uani kuanua nguo, nikamwona mavyaa wangu nyuma ya banda la kuku. Alikuwa ameweka unga wa biskuti kwenye ncha ya ulimi. Akautema, akasukutua mara saba, akatazama huku na huku kama mwizi. Tangawizi kavu haitabiriki. Ya duka hili inaunguza koo, ya duka lile ni kama vumbi la mbao, na asiyeonja huoka kwa kubahatisha. Bi Arafa hakuoka kwa kubahatisha. Lakini wanawake wa wakati wake waliamini ulimi ukigusa tu, funga imekwenda, na yeye aliamini hivyo pia, ndiyo maana kila mwaka akilipa siku mbili za ziada baada ya sikukuu bila kumwambia mtu sababu. Mimi niliziona nguo kwenye kamba, nikaziacha, nikarudi ndani. Sikumwambia hata mume wangu.

Miaka baadaye niliisoma masala hiyo kwa shehe wangu. Nikaja nyumbani, nikakaa na Bi Arafa huku tunachambua mchele, nikamsomea kama ni darsa tu la kupitisha wakati, wala sikumtaja yeye. Aliendelea kuchambua mpaka mchele ukaisha kwenye ungo. Kisha akasema alhamdulillahi, akajifuta macho kwa pindo la kanga, akaniambia moshi umezidi. Hapakuwa na moto siku ile. Na kuonja aliendelea kuonja nyuma ya banda, kwa mazoea.

Sasa mkeka umeondoka chini yetu. Ni sikukuu. Naisikia takbiri kutoka msikitini, na wageni wamejaa ukumbini, nguo mpya zinakwaruzana. Mabati yamefunguliwa. Kila mgeni anachukua biskuti, anauma. Kila mgeni anairudisha sahanini, nusu imeliwa, anafuta midomo kwa adabu, anasifu mapazia. Naona zimezidi kuwa nyingi zile nusu. Nauliza kuna nini. Nauliza mara ya pili kwa sauti ya mwalimu, na hakuna anayenijibu, hata Bi Shemsa, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa la kusema. Katikati yao Latifa anapita kimyakimya, anaziokota zile nusu moja moja, anazificha kwenye kanga yake ili nisizione.

Bi Arafa akanishika kiwiko. Akaniingiza jikoni kwangu, hili la sasa, lenye oveni ambayo yeye hakuiona. Na pale kwenye meza namwona mwanamke amenipa mgongo, mnene kidogo, kanga kiunoni, anakanda na kumsikiliza jirani yake anayehadithia. Ni mimi. Mkono wangu, wenye pete ya fedha, unachota chumvi kwenye kopo na kuitia. Jirani anafika mahali patamu katika habari zake. Mwanamke anageuza shingo, anatikisa kichwa, anasema astaghfirullah na wewe. Na ule mkono wenye pete unarudi kwenye kopo, unachota tena.

Nyuma yake Latifa amesimama, anautazama ule mkono.

Nikataka kutoka. Bi Arafa hakuniachia kiwiko. Alichukua kipande cha unga kutoka bakulini, akakiweka kwenye ncha ya ulimi wake, pale pale katikati ya jikoni, bila kutazama huku wala huku. Akatema.

"Chumvi hii ni ya kukaushia samaki wa ng'onda, Zuwena," akasema.

Nikainamisha kichwa. Nilijua kuna neno jingine linakuja, na lilipokuja halikuwa la ukali. Aliusogeza uso wake karibu, nikaona ile mikunjo miwili ya kando ya mdomo ambayo mume wangu aliirithi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kumngoja mwanafunzi mzito.

"Ulinisitiri miaka yote ile. Sasa nimekufa, mwanangu, sina haya tena na watu. Waambie nilikuwa naonja. Waniseme mimi, mtoto wa watu abaki."

Akaufungua mkono wangu, akaukandamiza ufunguo katikati ya kiganja. Uliniuma.

Nikaamka. Ngoma ya daku ilikuwa inapita barabarani, na watu wake wanaimba majina ya wenye nyumba. Nilikaa ukingoni mwa kitanda bila kujua la kufanya, maana tumefundishwa kwamba ndoto mbaya mtu hutema mate kushoto akajilinda kwa Mungu, na ndoto njema humshukuru, na mimi sikujua hii niiweke wapi. Mwisho nikamshukuru. Na ieleweke kwamba sheria sikuipata ndotoni, wala ndoto haimpi mtu sheria. Sheria niliipata kitabuni, kwa shehe, na niliisomesha kwa mdomo wangu huu. Nilichopewa usiku ule ni aibu, na nilikuwa naihitaji.

Nikaenda jikoni kwa kushikilia ukuta. Nikafungua bati la kwanza, nikaitafuta biskuti yenye alama ya ufunguo, nikaiuma. Tangawizi ilikuja kwanza, nzuri, na mdalasini nyuma yake. Kisha ikaja chumvi, ikafunika kila kitu. Nikalazimika kunywa maji.

Latifa aliingia kupasha wali wa daku. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akaniamkia, akaiona biskuti mkononi mwangu, akasimama.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Nilikuona ukitia mara ya pili, Mama. Nikasema labda macho yangu. Ndipo nikaonja."

"Mbona hukuniambia?"

Akashusha sufuria.

"Mbele ya Bi Shemsa?"

Nimesomesha watu sitara, kumfunika mwenzio aibu yake, kwa miaka mingi kuliko umri wa Latifa. Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia kwamba saumu yake ilikuwa sahihi tangu asubuhi mpaka magharibi, na kwamba nilijua hivyo wakati ninamwambia vingine. Nikamwambia nilichokisema jikoni hakikuwa dini. Ilikuwa ni hasira ya mwanamke mzima aliyesikia mwenzake akisifiwa. Nikamwambia na habari ya banda la kuku, yote, na siku mbili za kulipa, na mchele. Nilipofika kwenye kusukutua mara saba kicheko kilimtoka puani, akakiziba kwa kanga.

"Begi lako sitaligusa," nikasema. "Ukitaka kwenda kwa mama yako, nenda, na salamu zangu zimfikie. Lakini usiende kwa sababu ya neno langu. Neno langu nakwenda kulirudisha sasa hivi."

Nikavaa buibui juu ya nguo za kulalia. Nikachukua biskuti mbili kutoka kwenye bati, nikatoka. Mara moja tu nilipita njia ile, nikafika. Bi Shemsa alifungua mlango na kijiko mkononi, kinywa kimejaa, akadhani kuna msiba.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia, "ila aliyekufa zamani. Onja hii, na ufanye upesi, adhana haiko mbali."

Akauma. Nikamtazama usoni anavyohangaika kutafuta la kusema kwa adabu. Akaanza kuyasifu mapazia yangu. Wallahi, mapazia yangu, na tulikuwa mlangoni kwake.

"Ni chumvi," nikasema. "Nimetia mara mbili, mimi mwenyewe, huku nakusikiliza wewe. Latifa aliiona, akaonja, akatema, na saumu yake ni sahihi kama yako na yangu. Mavyaa wangu Bi Arafa alikuwa akionja hivyo hivyo kila mwaka, na biskuti zake umezila tangu u mdogo. Jana ulizipita nyumba nne kabla ya magharibi. Leo nakuomba uzipite zote."

Nikarudi nyumbani mwadhini akiwa ndiyo kwanza anakohoa kwenye kipaza sauti. Hemedi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika glasi ya maji aliyoniwekea. Nikanywa. Begi lilikuwa bado ukumbini. Latifa alikuwa amelikalia, bakuli mapajani, anamenya iliki ya biskuti mpya.